Njia ya watumwa haikuishia Ujiji

Mgeni anayetaka kutembea kwa miguu katika njia ya zamani ya misafara, na muongozaji wa kumwelezea, leo anachagua Bagamoyo ao Ujiji. Kabambare na Kasongo hazitajwi. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO pendekezo la njia kuu ya watumwa na pembe za ndovu: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Hapo mstari unakatikia kwenye maji ya Tanganyika, kana kwamba ng'ambo hakukuwa watu.

Wale waliofungwa minyororo walitoka wapi basi? Wengi walitoka huku Maniema. Livingstone alilala Kabambare miezi mingi mwaka 1870, miguu imejaa vidonda. Tarehe 15 Julai 1871 aliona watu wakiuawa sokoni Nyangwe. Mwaka 1876 Stanley alipita huku pamoja na Tippu Tip. Kiswahili na Uislamu wa Kasongo vilikuja kwa njia hiyohiyo.

Wako wanaosema dawa ni nyepesi: mupige picha za vilima na mito, mwite watalii. Hapana! Anayechagua matembezi kwa uzuri wa picha tu atakanyaga makaburi bila kujua. Tena njia hizi si za wazee wa zamani peke yao. Familia zilizokimbia vita Kabambare zimezipita na mizigo kichwani, watoto mgongoni. Kumwonyesha mgeni mandhari wakati mwenye shamba hajarudi shambani ni kumtukana mwenye shamba.

Kwanza usalama. Siku mama atakapokwenda sokoni na kurudi bila woga, siku hiyo mgeni naye atapita.

Pili, muongozaji awe mwenyeji, anayejua vivuko na majina ya mahali. Malipo yake yabaki kijijini, yasiishie Kindu wala Kinshasa.

Tatu, habari isemwe yote. Waarabu na Waswahili wa pwani hawakufanya kazi ile peke yao. Ngongo Lutete, mtu wa huku, aliwakamatia watu. Muongozaji anayeficha hilo asichaguliwe.

Serikali ya Kinshasa na ya jimbo zidai nusu ya njia iliyosahauliwa, na zianze kwa kuwauliza wazee wa Lusangi, Kasongo na Kabambare, pamoja na wale walio ukimbizini. Mzee akizikwa leo, kesho hakuna wa kuonyesha misafara ilipopita.