KRETI YA BIA SI MSHAHARA

Ndugu Wafanyakazi,

Wako matajiri ambao, kazi ya saa za ziada ikiisha, huleta kreti za bia badala ya fedha, nasi twapiga makofi. Twashangilia nini?

Tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka pombe katika kundi la kwanza la vitu viletavyo saratani. Mwilini hugeuka sumu iitwayo asetaldehaidi, iharibuyo chembe za mwili. Huleta saratani ya mdomo, koo, umio, ini na utumbo mpana. Wengine watasema hayo ni ya chang'aa tu. Sivyo! Kileo cha bia ya chupa ni kile kile, na avutaye sigara juu yake huzidisha hatari.

Umio ukiziba, hata uji haupiti. Siku hiyo tajiri haji na kreti. Mke atauza ng'ombe, nasi tutachanga.

Hatumkatazi mtu kinywaji alichonunua kwa fedha yake. Twasema hivi: saa za ziada zilipwe kwa shilingi. Kila tawi lipeleke neno hili kwa tajiri wake mwezi huu.

Umoja ni nguvu!