Metali Mpya Dhidi ya Saratani: Kipimo ni Mgonjwa

Changamano za metali mpito ni molekuli ambazo kiini chake ni atomu ya metali, kama platini au rutheni, iliyoshikamana na vikundi vingine vya atomu. Mashuhuri zaidi katika tiba ya saratani ni sisplatini. Iliundwa katika miaka ya 1840, lakini uwezo wake ulianza kufahamika mwaka 1965, Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan alipochapisha kwamba bakteria waliokuwa karibu na elektrodi za platini waliacha kugawanyika. Marekani iliiidhinisha mwaka 1978.

Molekuli yake ina kloridi mbili na amonia mbili. Katika damu, yenye kloridi nyingi, hubaki ilivyo. Ikiingia ndani ya seli, ambako kloridi ni haba, maji huchukua nafasi ya kloridi. Hapo platini hujifunga kwenye DNA na kuipinda, seli hushindwa kuinakili, kisha hufa.

Lakini dawa hii haibagui. Huumiza figo, masikio na neva, ndiyo maana mgonjwa hutundikiwa dripu za maji ya chumvi na figo zake hupimwa. Kaboplatini, ndugu yake wa platini, huzionea figo huruma, ila hushusha chembe za damu. Oksaliplatini, inayotumika kwa saratani ya utumbo mpana, huleta ganzi mikononi na miguuni. Zaidi ya hayo, uvimbe huweza kuwa sugu.

Kasoro hizo zinahalalisha kutafuta metali nyingine, lakini matokeo hadi sasa yanataka subira. Budotitani, yenye titani, ilikwama kwenye majaribio. NAMI-A, yenye rutheni, ilizuia saratani kusambaa katika miili ya wanyama. Lakini kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu haikufua dafu. Yenye mantiki zaidi ni TLD1433, ya rutheni pia, inayojaribiwa kwa saratani ya kibofu: huamshwa kwa mwanga, hivyo hushambulia pale tu panapomulikwa.

Wakati hayo yakijaribiwa, nchini Tanzania, ambako saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi, sisplatini hutolewa pamoja na mionzi. Utafiti uendelee, lakini ahadi za maabara zisipunguze fedha za dawa iliyokwisha kuthibitika, dripu na vipimo vya figo.