Pete ya Kahawa, Taa ya Mchana

Wazee wa baraza ya Jaws Corner, na nyinyi vijana wa skuli mnaopita hapo mkikimbilia daladala Darajani.

Video ilimfika mtoto wenu huko Manchester Jumapili asubuhi, kavaa koti ndani ya nyumba. Kichochoro cha Mji Mkongwe, saa saba mchana, jua la utosi, na taa ya njiani inawaka. Mpwa wake anacheka. Yeye hakucheka. Kilichokufa ni kidude kidogo kuliko kifungo cha shati: kihisi mwanga, kazi yake kuizima taa kukikucha. Mpwa anasema ni mwezi wa pili sasa.

Kilichomchoma zaidi ni mji anaokaa. Hapo ndipo mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov walipobandua grafini, utando mwembamba kupindukia wa kaboni, kutoka kwenye grafiti kwa utepe wa gundi, wakapata Nobel mwaka 2010. Mwaka 2017 kundi la Cinzia Casiraghi, chuo kikuu hicho hicho, likatangaza wino wa maji wenye chembe za aina hiyo, likachapa kwa printa ya matone safu nzima za vihisi mwanga. Printa, jamani! Chombo alichokuwa akikifungua na kukifunga kutwa katika duka la stesheneri Darajani, kabla hajapanda ndege.

Na taabu ya wataalamu hao mnaijua. Dondosha kahawa juu ya saruji ya baraza, iache ikauke: katikati peupe, pembeni pete nyeusi. Tone hukauka upesi zaidi ukingoni, basi maji hukimbilia huko yakibeba unga. Wanafizikia wa Chicago waliieleza pete hiyo mwaka 1997 katika jarida la Nature. Wino wa grafini ukifanya hivyo, chembe hurundikana pembeni na kihisi huharibika, ndiyo maana ule wa Manchester ulitiwa cha kuufanya mzito na cha kulegeza uso wa maji. Chembe nazo sharti ziwe ndogo mno. Matundu ya printa za maabara yana upana wa maikromita 20 hivi, na fundi yeyote wa Darajani anajua balaa la kichwa kilichoziba. Wazee wetu, pete hiyo mmeikalia miaka mingapi, mkibishana siasa?

Tena nyinyi ni watu wa chapa tangu zamani! Sultan Barghash wa Zanzibar alikuwa na matbaa yake. Mwaka aliofariki, 1888, skuli ya Kiungani ilianza kutoa gazeti la Msimulizi.

Ombi ni moja, na atalirudia mpaka mchoke. Chumba kimoja, ama chuo kikuu cha SUZA kule Tunguu ama Taasisi ya Karume Mbweni: printa ya maabara, mashine ya kutikisa wino kwa mawimbi ya sauti, mizani, hadubini. Kisifungwe kofuli kikisubiri mgeni rasmi akate utepe. Kiwe wazi hata Jumamosi, na fundi wa stesheneri apewe kiti sawa na mwalimu wa fizikia. Waanze na mistari ya wino wa fedha kwenye plastiki, wahamie grafini (grafiti iko Mahenge, ng'ambo tu hapo), mpaka wapate kihisi kinachojua kivuli na jua. Hakitakishinda cha dukani kwa bei, wala msikipime hivyo. Mnachokosa ni mikono iliyozoea.

Mtasema: kama anayajua yote haya, mbona harudi? Mama yake aliuza mikufu miwili apate nauli, na leo mwanawe anatengeneza printa za ofisi za watu. Kila mwisho wa mwezi hutuma pesa, kisha hulala vibaya.

Jana alimwomba mpwa wake adondoshe kahawa kwenye karatasi nyeupe na kumpigia picha. Picha ilifika usiku: pete nne safi, na ya tano imeburutwa kwa kidole, maana kijana alikuwa bado anacheka.