Tarehe siyo jina, acheni hizo!

Najua nimepotea. Nilikuwa field huko Kibiti, nafundisha hesabu na kompyuta, na niliporudi chuo nikakuta mitihani inanisubiri mlangoni. Sasa nimepumua, na nina hasira nazo kidogo.

Juzi jioni kule kantini nilibishana na jamaa yangu wa kozi ya kompyuta. Anasema toleo la programu lipewe tarehe, basi. "Tarehe kila mtu anaielewa, mwanangu. Hizo herufi zenu arobaini za git nani atazikumbuka?" Watu wakacheka, nikaonekana mimi ndiye mgumu. Haya, leo najibu, maana kantini mnapiga kelele sana.

Kisa chenyewe. Mimi na mwenzangu wa field tuliandika kijiprogramu cha kukokotoa division za kidato cha nne. Toleo la kwanza lilikuwa na kosa: lilijumlisha pointi za masomo yote badala ya saba bora. Mwanafunzi mwenye C saba ana pointi 21, hiyo ni division two. Ukimwongezea D zake mbili anafika 29, unamtupa division four. Kosa tuliliona mapema. Nikakaa kwenye kompyuta ya maabara, nikarekebisha msimbo, nikaandika make, nikachapa karatasi. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Kumbe! Kompyuta ile betri yake ndogo ya saa ilishakufa. Umeme ukikatika inaamka ikiamini ni tarehe 1 Januari 2009. Programu iliyokwisha kujengwa ilitoka kwenye laptop ya mwenzangu, yenye saa sahihi. Sasa make kazi yake ni rahisi: inalinganisha tarehe. Kama faili la msimbo ni jipya kuliko programu, inajenga upya. Kama ni la zamani, inasema hakuna cha kufanya. Msimbo wangu mpya ulikuwa wa "2009", programu mbovu ilikuwa ya mwaka huu. Haikujenga kitu. Kusema kweli iliandika na onyo kwamba saa imepotoka, mimi nikalipita kama tangazo la mganga kwenye nguzo.

Kuna binti mmoja karatasi yake ilishapanda boti kwenda delta. Division four. Baba yake akasema basi, hela ya kambi ya masomo bora inunue nyavu. Nilipopata habari nilichapa karatasi sahihi, nikaenda mwenyewe mpaka Nyamisati kuonana naye. Mzee akaziweka mbili magotini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, programu ilikuwa inachapa "toleo" lake, yaani tarehe. Zote mbili 01/01/2009. Akaniangalia kwa upole akauliza, "Mwalimu, ya kweli ni ipi?"

Nilikosa cha kumwonyesha. Ikabidi tuhesabu pointi kwa vidole, somo kwa somo, pale pale bandarini. Akakubali. Lakini alikubali vidole, siyo tarehe yangu.

Mtasema hilo ni tatizo la betri. Haya, tuiweke betri mpya. Flashi zetu nyingi zina mfumo wa FAT, ambao unaandika saa za mahali bila kusema ni mahali gani, tena kwa kuruka sekunde mbili mbili. Kompyuta nyingine ikizisoma kama saa za UTC, tayari umepotea masaa matatu. Na hata saa zote zikiwa sawa: siku hiyo hiyo mimi nilikuwa na tawi langu la msimbo na mwenzangu na lake. "Toleo la Jumanne" ni la nani? Tarehe inakwambia lini, haikwambii nini. Kwenye git hata tarehe ya badiliko unaweza kuiandika mwenyewe utakavyo. Zile herufi arobaini zinakokotolewa kutokana na yaliyomo: ukigusa nukta moja zinabadilika.

Nyie wenyewe mnalijua hili, mnajifanya tu. Nani hapa hajawahi kudesa "desa la 2019" akakuta kozi ilishabadilika? Mwaka ulikuwa sahihi kabisa. Sup ikawa sahihi vilevile.

Halafu huko Pwani nilijifunza kwamba hata siku yenyewe siyo kitu cha kukubaliana bure. Mama mwenye nyumba alinialika maulidi usiku wa Ijumaa. Mimi mtu wa bara, Ijumaa baada ya isha nikavaa kanzu ya kuazima nikatoka. Akanishangaa: "Mwanangu, usiku wa Ijumaa si jana?" Kwao siku inaanza jua likizama. Ndiyo maana redio zinasema "usiku wa kuamkia" fulani, watu wasigombane. Pilau nililikuta limeshakuwa kiporo (tamu hata hivyo).

Jamaa yangu akaniletea Ubuntu: si wanatumia tarehe? Ndiyo, 4.10 ni Oktoba 2004, 24.04 ni Aprili 2024. Lakini hilo ni jina ambalo watu walikaa wakalichagua, halisomwi kwenye saa ya mashine. Tena liliwahi kuwasumbua: toleo lililopangwa kuwa 6.04 lilichelewa, likabidi liitwe 6.06, likatoka Juni 2006. Angalia na lugha ya Go. Msimbo usiopewa namba ya toleo wanaupa tarehe na saa ya UTC, kisha wanabandika herufi kumi na mbili za ile alama ya git. Tarehe kwa ajili ya kupanga foleni, alama kwa ajili ya kujua ni kipi. Hapo sina ugomvi. Nagombana na tarehe iliyoachwa peke yake na kupewa kazi ya ushahidi.

Programu yetu sasa inachapa herufi saba za kwanza za git chini ya karatasi, na kabla ya kuchapa tunafuta ile ya zamani na kujenga upya. Mwenzangu analalamika zinachafua ukurasa. Avumilie. Binti aliniandikia wiki iliyopita, yupo kambini, anauliza maswali ya logarithimu saa nne usiku kama vile mimi silali.

Jamaa, ukisoma hapa, kesho baada ya lekcha ya asubuhi nipo kantini meza ile ile. Njoo na laptop. Chai juu yako, bumu langu limeisha.