Mtanisikia redioni

Nilikuwa kwenye karai, mafuta ndiyo kwanza yanaanza kutoa moshi, jirani yangu alipokuja akasimama kando ya moto. Ni fundi wa pikipiki, wa miaka thelathini na kitu. Hakuagiza kitu. Aliitazama migongo wazi ya samaki niliyoipanga kwenye beseni, akaniambia, "Nyar Alego, wiki hii mtanisikia redioni." Sisi wanawake tukaangua kicheko. Mmoja akamuuliza kama kamari imemkubali. Yeye hakucheka.

Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kudokeza. Mara ya kwanza alimwambia mkewe, na mkewe akaninong'oneza nilipopita kuwapima watoto uzito, maana mimi pia ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa mtaani kwetu Obunga. Aliongea akiwa amejifunga leso hadi kwenye nyusi ili nisione jicho. Mara ya pili fundi huyo alimtumia shemeji yake ujumbe kwa simu. Na katikati ya hayo alikuwa ameuza spana zake. Zote. Fundi anayeuza spana ana mpango gani na kesho? Swali hilo lilinijia baadaye, wakati halina faida.

Habari niliipeleka katika ofisi moja. Nikajibiwa, "Mama, hayo ni mambo ya nyumba yao. Waambie wakae chini waongee." Siku mbili baada ya ule utani wa kwenye karai, saa nne usiku, tulikuwa tunang'oa mabati kwa nondo. Alikuwa amejifungia ndani na mkewe na watoto watatu, na petroli ilishaanza kulowesha godoro. Walitoka wote hai. Ofisi nina hasira nayo, lakini ofisi haikucheka. Mimi nilicheka.

Tangu usiku ule, nikisikia kwamba mtu ameua watu wengi, siulizi alizaliwa wapi. Nauliza nani aliambiwa.

Chukua maafa ya msitu wa Shakahola, kule Pwani. Paul Mackenzie hakuibuka msituni kama nyoka. Alikuwa dereva wa teksi Malindi kabla ya kuwa mhubiri, na mahubiri yake ya kukataza shule na hospitali yalirushwa hewani, kila mtu akiyasikia. Mwaka 2017 alikamatwa, na watoto wakaokolewa. Machi 2023 alifikishwa kortini kuhusu vifo vya watoto wawili, akatoka kwa dhamana. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa, na miili ilipita 400. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilisema mwaka 2024 kwamba maafisa wa usalama wa Malindi walipuuza taarifa za kuaminika walizopelekewa. Kwa hiyo watu walisema. Waliosikia ndio walioketi.

Na msidhani hayo ni ya Pwani. Aprili 2025, huku kwetu upande wa ziwa, polisi waliwatoa watu 57 katika boma la kanisa moja Opapo, Rongo, na ndani kulikuwa na watu waliokwisha kuzikwa. Nikasema moyoni, angalau safari hii mlango ulivunjwa mapema kidogo.

Kuna wanaoamini kwamba muuaji ana sura yake na mtaa wake, na mtaa wenyewe unafanana na Obunga: mabati, chang'aa, vijana wasio na kazi. Mgeni akiteremka barabara ya Kakamega anashika mfuko wake. Lakini aliyewaua watu 10 Siakago mwaka 2010, wenzake wawili wakiwemo, alikuwa askari mwenye mshahara na bunduki ya serikali, na alianza kwa kumtafuta msichana wake. Desemba 2021 huko Kabete, askari mwingine aliwaua watu sita kisha akajiua. Wa kwanza alikuwa mkewe, nyumbani. Hayo yanayoitwa mambo ya nyumba yalitoka nje yakafika barabarani.

Baada ya shambulio la shule ya Columbine la 1999, Wamarekani, ambao wana msiba huu kutuzidi, walichunguza mashambulizi 37 ya shuleni. Hawakupata sura moja ya muuaji. Wapo waliotoka familia zilizovunjika, wapo waliotoka familia tulivu. Kilichojirudia ni kwamba katika matukio manne kati ya matano, kuna mtu aliyekuwa amedokezwa mapema, mara nyingi rafiki au mwanafunzi mwenzake. Nilipolisoma hilo nililikumbuka karai langu.

Sasa, tusigeuke wachawi wa kunusa wenzetu. Katika nyumba ninazozitembelea, wanaume wenye hasira, madeni na chupa ni wengi mno, na karibu wote hawatamgusa mtu. Kinachonishtua ni mambo yanapokutana: kisasi ambacho mtu anakirudia kila siku, kipigo nyumbani, kuuza au kugawa vitu vyake, na kutaja siku. Begi langu lina mashine ya presha na ya sukari. Hatari hii inapimwa kwa kuuliza, na nimejifunza kuuliza waziwazi: unafikiria kujiua? Unafikiria kumuua nani? Hakuna aliyenipiga kwa swali hilo. Mmoja alilia.

Usiku ule wa petroli, umati ulishaleta tairi la kumchomea jirani yetu. Nilisimama mbele yake nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Huruma haikuwa nyingi, niseme ukweli. Nilimkumbuka Masten Wanjala, aliyekiri kuwaua watoto zaidi ya kumi, akatoroka seli Nairobi, na Oktoba 2021 wanakijiji wakamuua kwao Bungoma. Wazazi wa watoto wale walibaki bila kesi, na sisi tukabaki bila kujua alianzaje, nani alimwona, nani alinyamaza.

Jirani yetu tulimpeleka hospitali tunayoiita Russia usiku huohuo, kisha polisi wakamchukua. Siku hizi amerudi, anatengeneza pikipiki kwa spana za kuazima, na kila mwezi namkumbusha tarehe ya kliniki. Mkewe alienda kwao na watoto. Hajarudi, nami simshauri arudi.

Ninaloomba kwa machifu na wakuu wa vituo vya polisi kutoka hapa hadi Rongo ni daftari. Mtu akija kusema "fulani ametishia kuua", aandikwe jina, tarehe, na hatua iliyochukuliwa, na anayeandika atie sahihi yake. Siku miili ikipatikana, daftari hilo lifunguliwe kwanza.