Neno la Mhariri: Madhabahu, Ngoma na Tarehe ya Kupanda

Kuhani wa Ugiriki ya kale hakuwa na kundi la waumini la kulichunga. Alikuwa na madhabahu ya mungu mmoja mahali pamoja, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kuwa sadaka inatolewa kwa utaratibu uliorithiwa. Kuhani wa Zeus hakuwa na la kusema katika hekalu la Apollo, hata kama mahekalu hayo mawili yalitazamana. Hakuhubiri, hakuungamisha watu, hakuwafunda vijana maadili. Hapakuwa na kitabu kitakatifu cha kufasiri wala chuo cha kumwandaa. Baba aliyetaka kumtolea mungu sadaka nyumbani kwake alichinja mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza kibali.

Mkazi wa Rumonge, au wa mji wowote wa mwambao huu wa Tanganyika kuanzia Nyanza-Lac hadi Bujumbura, ana sababu ya kushangazwa na habari hiyo. Viongozi wa dini anaowajua ni padri, mchungaji na imamu, na wote watatu wana watu wao na kitabu chao. Padri alifika hapa mapema kuliko popote pengine Burundi. Mwaka 1879 wamisionari wa shirika ambalo Askofu Mkuu Lavigerie alilianzisha Algiers mwaka 1868 walifungua kituo chao Rumonge. Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao d'Hoop, wakauawa papo hapo, na kazi ikakatika. Ilianza tena kwa uthabiti baada ya Wajerumani kuingia, Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Imamu alikuja kwa njia ya ziwa, pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji ambao katika miaka hiyohiyo walikuwa wakitawala biashara ya mwambao chini ya Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza.

Kwa hiyo mwanafunzi wa huku anapofungua sura ya kitabu cha historia inayohusu dini za Ugiriki na Roma, humvika kuhani wa kale kanzu ya padri, kisha akashindwa kuelewa kila kinachofuata. Toleo hili linashikilia kwamba njia fupi ya kumwelewa kuhani huyo haipitii kanisani wala msikitini. Inapanda milima iliyo nyuma ya Rumonge hadi kwenye ikulu ya mwami, walikokuwa watu wenye kazi zinazofanana mno na zake: watunzaji wa ngoma, wa makaburi na wa siku ya kupanda mtama.

Ugiriki yenyewe haikuwa na namna moja ya kumpata kuhani. Nafasi nyingine zilikuwa mali ya ukoo. Athene, kuhani wa kike wa Athena Polias, mlinzi wa mji, alitoka daima katika ukoo wa Eteoboutadai. Mmoja wao, Lysimache, alishika kazi hiyo miaka 64. Ibada za siri za Demeter kule Eleusis zilikuwa mikononi mwa koo mbili, Eumolpidai na Kerykes, na hakuna mwanasiasa wa Athene, hata awe na nguvu kiasi gani, aliyeweza kujipachika humo. Nafasi nyingine zilipigiwa kura ya bahati kila mwaka, kama zilivyopigiwa nyingi za serikali. Katika miji ya Asia Ndogo na visiwa vya jirani, Miletus na Kos kwa mfano, ukuhani ulinadiwa, na mnunuzi alipewa hati iliyochongwa kwenye jiwe ikitaja fungu lake katika kila mnyama atakayechinjwa. Jambo hilo humkera msomaji wa leo kwa sababu anawaza kuuziwa roho. Kilichouzwa kilikuwa dhamana ya kuendesha ibada pamoja na posho yake, na jumuiya iliandika masharti waziwazi ili ijue nani wa kulaumiwa ibada ikilala.

Sadaka yenyewe ilikuwa shughuli ya watu wengi. Mnyama aliongozwa kwa maandamano, pembe zimepambwa. Msichana alibeba kikapu cha shayiri, na kisu kilifichwa chini ya nafaka hizo. Watu walinawa mikono, mnyama akanyunyiziwa maji kichwani ili atikise kichwa, ishara kuwa ameridhia. Kuhani akaomba kwa sauti, shayiri ikarushwa, na kisu kilipopita wanawake wakapiga vigelegele. Mifupa ya mapaja iliyofungwa kwa mafuta ilichomwa kwa ajili ya mungu, nyama ikapikwa ikaliwa na waliokuwepo, na kuhani akaondoka na ngozi au mguu. Mara nyingi hakushika kisu yeye. Mchinjaji wa kuajiriwa alifanya hivyo. Cha kwake kilikuwa dua na mpangilio, yaani kujua kipi kinatangulia kipi.

Pembeni ya kuhani alikuwepo mtu wa aina nyingine kabisa, yule anayesema maneno ya mungu. Pythia wa Delphi ndiye mashuhuri kuliko wote. Alikaa juu ya kigoda cha miguu mitatu, na Apollo akazungumza kwa kinywa chake. Miji ilituma wajumbe kumuuliza kuhusu vita na makoloni, na waaguzi wa kawaida walizunguka na majeshi wakisoma maini ya kondoo kabla ya mapigano. Watu hao walikuwa na sauti. Kuhani wa madhabahu alikuwa na utaratibu.

Roma iliuchukua utaratibu huo ikaufanya nguzo ya dola. Makuhani wake walipangwa katika vyama, na wengi wao walikuwa maseneta walioendelea na siasa na vita kama kawaida. Julius Caesar alichaguliwa mkuu wa chama cha mapontifeksi mwaka 63 KK, akiwa kijana wa siasa mwenye madeni mengi. Cicero alikuwa mmoja wa maauguri, waliosoma ishara za ndege. Hadi mwaka 300 KK nafasi za vyama hivyo viwili zilishikwa na watu wa tabaka la juu peke yao. Sheria ya Ogulnius ndiyo iliyowafungulia mlango watu wa tabaka la chini, na ugomvi uliotangulia sheria hiyo unatosha kuonyesha kuwa Warumi waliuona ukuhani kuwa madaraka kama madaraka mengine.

Na yalikuwa madaraka kweli. Auguri akisema ishara ni mbaya, kikao cha kupiga kura kilivunjika. Mwaka 249 KK, vitani na Wakarthago karibu na Drepana huko Sisili, jemadari Publius Claudius Pulcher aliambiwa kuwa kuku watakatifu wamekataa kula. Akaamuru watupwe baharini wakanywe maji kama hawataki chakula, akapigana, akapoteza sehemu kubwa ya meli zake. Warumi walikumbuka dharau hiyo kwa karne nyingi baada ya kusahau mbinu za pambano lenyewe.

Wachache kati ya makuhani hao hawakuruhusiwa kuishi kama raia. Flameni wa Jupiter alifungwa na miiko tangu alfajiri hadi usiku. Hakupanda farasi, hakula kiapo, hakuvaa pete isiyokatwa wala vazi lenye fundo, hakugusa mbuzi wala mbwa wala maharage. Miguu ya kitanda chake ilipakwa udongo, na hakuruhusiwa kulala nje ya kitanda hicho mikesha mitatu mfululizo. Mke wake alikuwa na ibada zake mwenyewe, na akifariki mume aliacha kazi. Vestali sita walichukuliwa wakiwa wasichana wadogo wakatumikia miaka 30, kumi ya kujifunza, kumi ya kutenda na kumi ya kufundisha, wakilinda moto wa Vesta usizimike. Waliheshimiwa kuliko mwanamke yeyote wa Roma, na aliyevunja usichana wake alizikwa hai karibu na lango la Collina. Adhabu hiyo ni ya kikatili na haifai kupambwa. Ilitokana na imani kwamba mwili wa mlinzi na usalama wa mji ni kitu kimoja.

Hapo ndipo ikulu ya Burundi inapotoa mwanga ambao parokia haiwezi kuutoa. Ngoma kuu ya ufalme, Karyenda, ilikuwa alama ya mamlaka ya mwami, kiasi kwamba bendera ya uhuru ya mwaka 1962 ilichorwa ngoma hiyo katikati. Ilikuwa na mwanamke aliyewekwa wakfu kwake, Mukakaryenda, aliyehesabiwa kuwa mke wa ngoma. Msomaji wa Gitega au Muramvya hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini mlinzi wa moto wa Vesta hakuolewa. Ngoma nyingine zilikuwa na mahali pao patakatifu, kama Gishora karibu na Gitega, panapohusishwa na mwami Mwezi Gisabo, na zilipigwa na watu wa familia zilizorithishana kazi hiyo, kama Eumolpidai walivyorithishana siri za Eleusis. Wafalme waliokufa walizikwa katika inganzo, misitu mitakatifu ya kaskazini, chini ya uangalizi wa watu wa ukoo wa Bajiji.

Juu ya hayo yote walikuwepo banyamabanga, watu wa siri, ambao kila mmoja alikuwa na kipande chake cha ibada ya umuganuro. Ibada hiyo ilifanyika kila mwaka mwezi wa Desemba hivi. Wenye kazi hiyo walitazama mwezi angani ili kupata siku, vilima mbalimbali vikaleta vitu vilivyopangiwa kuvileta, mwami akaonja chakula cha mtama, ngoma zikalia, na kuanzia hapo nchi iliruhusiwa kupanda mtama. Hakuna mnyamabanga aliyejua ibada nzima peke yake, na hakuna aliyewahubiria watu. Kama mapontifeksi, walishika kalenda, na aliyeshika kalenda alishika jambo kubwa kuliko mahubiri.

Mapontifeksi walionyesha ubaya wa nguvu hiyo. Mwaka wa Kirumi ulikuwa mfupi kuliko mwaka wa jua, nao ndio walioamua lini mwezi wa ziada uongezwe. Mara waliuongeza ili rafiki yao akae madarakani zaidi, mara waliuacha ili adui yao aondoke upesi, hadi sikukuu za mavuno zikawa haziendani na mavuno. Caesar alipoirekebisha kalenda, mwaka 46 KK ulilazimika kuwa na siku 445. Mtama wa Burundi ulikuwa na faida moja, kwamba mvua haikungoja hila za mtu.

Ulinganisho huu una mpaka, na mpaka wenyewe unafundisha. Nje ya ikulu Warundi walikuwa na kubandwa, ibada ya Kiranga, ambaye Rwanda humwita Ryangombe. Ilifanyika uani kwa mtu, penye mti wa umurinzi, na walioingizwa kwa unyago walikuwa wanaume kwa wanawake. Aliyepandwa na Kiranga aliitwa Kiranga na kuheshimiwa kama yeye, akashika mkuki wake, akabariki, akaagiza. Imana, Mungu mkuu, hakuwa na madhabahu ya kawaida, na Kiranga ndiye aliyesimama katikati. Roma ya maseneta isingemvumilia kuhani wa namna hiyo. Mwaka 186 KK baraza la senati lilivunja vikundi vya Bacchus nchini Italia kwa sababu viliwaapisha watu gizani bila afisa wa dola. Wagiriki walikuwa na moyo mpana zaidi, maana Pythia na wafuasi wa Dionysos waliishi bega kwa bega na makuhani wa miji.

Ibada hizi za aina mbili zilikufa vifo tofauti. Makuhani wa Roma walitegemea hazina ya dola. Mnamo mwaka 382 BK kaizari Gratianus alikata ruzuku na mali za Vestali na vyama vingine, na muongo uliofuata Theodosius akapiga marufuku sadaka. Bila fedha na bila ruhusa, vyama vilivyodumu zaidi ya miaka 700 vilitoweka ndani ya kizazi kimoja. Umuganuro nao ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya utawala wa Wabelgiji na shinikizo la misheni. Ikulu iliponyang'anywa mamlaka ya kuamua siku ya kupanda, banyamabanga walibaki na siri ambazo hakuna aliyezihitaji. Kubandwa ilipigwa vita vikali zaidi, na wamisionari waliihesabu kuwa adui yao mkuu, lakini haikuwa na ruzuku ya kukatwa wala ofisi ya kufungwa. Iliendelea nyuma ya nyumba kwa miongo mingine, mikononi mwa watu ambao hawakuwa wameteuliwa na mwami.