Mashine Haijui Shamba Lilikuwa la Nani

Mei 2023, wakazi wenye hasira walichoma mashine za kuchuma chai Kericho. Dawa tunayouziwa vijana ni moja: someni sayansi, someni kompyuta. Poa. Lakini kompyuta pekee haitakufanya uulize kwa nini mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuhamisha ukoo wa Talai kutoka Kericho hadi Gwassi. Wazee wanajua. Sisi historia tunaiita somo la waliofeli hesabu.

Sisemi tuchume kwa mikono milele. Migongo ya mama zetu ishachoka. Nasema hivi: anayejua kuendesha mashine tu ni kibarua mpya. Anayejua na historia yake atauliza faida inaenda wapi.